Mawe ya Ukambani Hayakuanza na Nyumba

Anayepanda vilima vya Mbooni, Makueni, katika nchi ya Wakamba, asubuhi, jua likiwa bado chini, huona mlima umechorwa mistari toka kileleni hadi bondeni. Akikaribia, mistari hugeuka ngazi. Kila ngazi ni kipande cha shamba, pengine hatua kumi kwa upana, pengine tatu tu, penye mahindi, mbaazi, mkahawa uliozeeka au mwembe mmoja uliopewa nafasi yake. Na kila ngazi inashikiliwa na ukingo. Penye udongo mwingi ukingo ni wa nyasi. Penye mawe ni ukuta. Mawe yenyewe ni ya kijivu, yana michirizi myeupe na myeusi, yamelazwa moja juu ya jingine bila simiti. Mengine ni makubwa mno, yaani hayakubebwa, yaliviringishwa.

Katikati ya ngazi hizo ziko nyumba: matofali ya kuchoma, mabati, dirisha la mbao. Ni nzuri, lakini si za kale. Mpenzi wa majengo anayetafuta nyumba ya mawe ya mkulima wa zamani, yenye ukuta mnene na historia ndefu, anaweza kuzunguka Makueni na Kitui siku nyingi na kurudi mikono mitupu. Anaweza hata kuondoka akiamini kwamba huku hakukuwa na waashi. Ilhali muda wote huo amekuwa akikanyaga kazi yao.

Nyumba ya shambani ya mawe ambayo Wakenya wengi huijua iko Karen, Nairobi, vilima vya Ngong vikionekana kwa mbali. Ilijengwa mwaka 1912 na Msweden aitwaye Åke Sjögren: kuta za mawe ya kijivu, paa la vigae vyekundu, baraza pana, na ndani mbao zilizofunika kuta. Mwandishi Karen Blixen na mumewe waliingia humo mwaka 1917. Shamba lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, kama 600 kati yake zikiwa za kahawa, lakini mahali pale pako juu mno, na kahawa haikukubali. Mwaka 1931 mambo yalikwisha. Ardhi ikauzwa na kukatwa viwanja vya makazi. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Leo mgeni huonyeshwa vyumba, samani na bustani. Kahawa haipo. Nyumba imehifadhiwa vizuri sana, na shamba lililokuwa sababu ya nyumba limetoweka chini ya barabara na nyua za michongoma.

Ukambani mambo yamekwenda kinyume. Nyumba za kale zimetoweka zote, na shamba ndilo lililosimama.

Nyumba ya Mkamba wa karne ya 19 haikukusudiwa kudumu. Ilikuwa ya mviringo, fito zimekunjwa na kufungwa, nyasi zikashuka karibu kugusa ardhi. Ndani mlikuwa na moshi, kitanda cha fito, na mafiga matatu. Hayo mafiga ndiyo yaliyokuwa mawe ya nyumba, hayo pamoja na jiwe la kusagia, ambalo hata sasa hupatikana limelala chini ya mti katika boma fulani, katikati limelika na kuwa kama hori kwa mikono ya wanawake wa vizazi kadhaa. Nje kulikuwa na ghala la nafaka, limeinuliwa ili mchwa na unyevu visilifikie, na mbele ya boma kulikuwa na thome, pale wanaume walipoota moto, wakahukumu kesi na kupokea wageni. Thome haikuwa na kuta wala paa. Hata hivyo, kwa mambo yaliyoamuliwa hapo, ndiyo iliyokuwa sebule kubwa kuliko zote.

Haikuwa kwamba watu hawa hawakujua kuna nyumba za mawe. Misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe za ndovu miaka mingi kabla ya reli, na Mombasa walikuta ngome ya Wareno na nyumba za matumbawe zilizopakwa chokaa. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya kutoka Kitui. Kivoi alikuwa na mali, watu na jina lililovuma hadi pwani. Hakujijengea jumba. Ngome, katika nchi ambayo mvua ikikosa misimu miwili watu na ng'ombe huhama, ingekuwa mzigo. Pwani nyumba ya mawe ilitangaza kwamba mwenyewe ana mkopo wa kuaminika na haendi popote. Bara, mwenye akili alikuwa yule anayeweza kwenda.

Jiwe lililochongwa kwa ajili ya jengo lilifika na wageni, na lilifuata njia zao. Wamisionari Waskoti walianza kituo Kibwezi mwaka 1891, kisha wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika Nzaui mwaka 1895, chini ya ule mlima wenye uso uliokatika wima. Scott akafa mwaka uliofuata. Walutheri wa Leipzig walikaa Ikutha na Mulango, upande wa Kitui. Halafu ikaja reli, na majina ambayo leo ni miji ya barabara kuu: Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud, Kima. Makindu Masingasinga walijenga hekalu lao mwaka 1926, na hadi leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula na mahali pa kulala bila kulipa. Kama ni jengo moja la kale ambalo wasafiri wa Makueni wanalijua kwa tumbo, basi ni hilo.

Lakini mkulima? Mkulima alianza na mawe baadaye kidogo, tena kwa hasira.

Mwaka 1937 Colin Maher, mtaalamu wa udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti kali kuhusu eneo walilotengewa Wakamba. Aliona makorongo, majani yaliyoisha na mifugo iliyokonda, akatabiri kwamba nchi hiyo inageuka jangwa la miamba, mawe na mchanga tu. Serikali ikachagua dawa yake: ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Julai 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, wakatembea hadi Nairobi na kukaa huko majuma kadhaa wakidai kumwona gavana. Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, mji wa nyumba za mawe. Ng'ombe hawakuchukuliwa tena kwa nguvu. Ila kazi ya kuchimba matuta ilibaki ya amri, chini ya machifu na faini, na wazee walioifanya waliikumbuka kama kazi ya serikali. Matuta ya kwanza yalikuwa membamba, mvua moja kubwa ikiyapasua, na kuyarudia ilikuwa adhabu juu ya adhabu.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka ofisini peke yake. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewachukua Wakamba wengi hadi India na Burma, na baadhi yao walirudi wamekwisha kuona milima iliyokatwa ngazi pana, tambarare, zinazoshika maji badala ya kuyafukuza tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ngazi za namna hiyo zilianza kuenea Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992. Waafrika waliporuhusiwa kupanda kahawa, ngazi ilikuwa sharti. Halafu uhuru ukaja, na kwa miaka michache wengi wakaacha matuta yabomoke, maana nani angependa kuendeleza adhabu ya mkoloni? Walipoyarudia hawakuamriwa na mtu. Waliyarudia kwa sababu nyanya na machungwa vilikuwa na bei, shamba lilikuwa dogo, na mahindi ya kwenye ngazi yalikuwa yakisimama wakati ya jirani yamekauka.

Kazi yenyewe ilifanywa na mwethya, kikundi cha majirani kinachozunguka: leo kwako, kesho kwangu. Waume wengi walikuwa Nairobi au Mombasa wakitafuta mshahara, kwa hiyo mwethya wa miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa wa wanawake zaidi. Walipima mstari wa usawa kwa kamba na pima-maji. Walichimba mtaro wenye kina kama cha goti, na udongo wakautupa upande wa juu, si wa chini. Hapo ndipo jina lilipozaliwa: fanya juu. Ni Kiswahili cha shambani, cha amri fupi kwa mtu aliyeshika sepetu, na leo kimo katika vitabu vya uhandisi wa udongo duniani kote, wataalamu wasiojua neno jingine la Kiswahili wakilitamka kwa heshima. Lugha hii imepeleka nje maneno mengi kuhusu simba na safari. Neno hili moja kuhusu udongo limefanya kazi nzito zaidi.

Ubora wa fanya juu ni kwamba ngazi hujimalizia. Tuta la juu likisimama, mvua huteremsha udongo mwembamba kutoka sehemu ya juu ya shamba na kuulaza nyuma yake. Msimu hadi msimu mteremko unapungua, na baada ya miaka kadhaa mwenye shamba anajikuta na uwanja tambarare ambao hakuubeba kwa karai. Mvua ndiyo fundi.

Penye mawe kazi ni nyingine. Jiwe kubwa huwekwa chini kabisa, limezikwa nusu. Ukuta huegemezwa kidogo mlimani, kama mtu anayezuia mlango kwa bega. Nyuma yake hujazwa vijiwe vidogo ili maji yapenye, kwa maana ukuta usiopitisha maji hupasuka siku ya kwanza ya gharika. Hakuna simiti. Simiti ingeuua. Mawe yanatoka palepale. Ni yale yale yaliyokuwa yakivunja majembe. Kuondoa jiwe shambani na kujenga ukuta ni tendo moja, na ndiyo maana ukuta ni mnene zaidi pale ambapo shamba lilikuwa baya zaidi.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa wilaya ya zamani ya Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado udongo ulikuwa ukimomonyoka kidogo kuliko wakati wa Maher. Wasomi wengine walibishana nao, hasa kuhusu maskini waliosukumwa kwenye nyanda kavu, na ubishi huo ulikuwa wa haki. Nyanda hizo nazo zina kisa chao. Ili Wakamba wapewe ardhi Makueni baada ya vita, serikali ilimtuma mwindaji J. A. Hunter asafishe vichaka, na kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946 aliua faru 996. Mashamba yale yalianzia hapo. Ukitaja urithi wa mahali, utaje wote.

Nyumba iliboreka shamba lilipokwisha kushikika. Fedha za kahawa, hasa zile za bei kubwa ya 1976 na 1977, zilijenga matofali mengi Mbooni na Kilungu. Nyumba ya mviringo ikaachiwa jiko, kisha ikaachwa kabisa. Wapo wanaolilaumu bati kwa kuua uzuri wa nyasi, na kweli bati ni joto mchana na lina kelele za kutisha mvua ikipiga. Lakini kelele hizo ndizo zenyewe zinazosubiriwa. Bati huvuna maji, nyasi hazivuni. Kiungo muhimu kuliko vyote katika nyumba ya Ukambani si mlango wala dirisha, ni gata, ule mfereji wa bati unaoning'inia kwenye ukingo wa paa na kupeleka mvua kwenye tangi. Fundi anayejua kuipa gata mwinamo wake anaheshimiwa kuliko anayejua kupiga plasta. Ukiingia boma ukakuta nyumba imepakwa rangi vizuri na haina gata, mwenyewe huenda anaishi Nairobi.

Kitui, kaunti ya zaidi ya kilomita za mraba 30,000, mawe yana kazi moja zaidi. Upande wa kusini, kuelekea Mutomo na Ikutha, nchi ni tambarare iliyotobolewa na vichwa vya miamba mikubwa, myeusi, mitupu. Watu wamejenga kuta fupi za mawe na simiti zikizunguka mwamba upande wa chini, kama ukosi wa shati. Mvua ikipiga mwamba haina pa kujificha. Hukimbia hadi kwenye ukuta, hufuata ukuta, huishia kwenye bwawa au tangi. Mwamba umegeuzwa paa, na ukuta ndio gata yake. Anayeelewa nyumba ya Mbooni ataelewa mwamba wa Mutomo bila kufundishwa.

Na mchanga? Mito mingi ya Kitui na Makueni hutiririka majuma machache tu kwa mwaka. Siku nyingine ni barabara za mchanga mweupe. Mhandisi wa kigeni angejenga bwawa na kulia mchanga ukilijaza. Huku bwawa hujengwa ili lijae mchanga. Ukuta wa mawe na simiti husimamishwa juu ya mwamba unaovuka mto. Mafuriko huleta mchanga na kuuacha nyuma yake, na katikati ya punje maji hukaa, hata robo au zaidi ya ujazo wote, yamefichwa jua, mbu na ng'ombe. Kisha mtu huchimba kwa mikono mwezi wa Septemba, wakati kila kitu kingine kimekufa, na maji hutokea chini ya kiwiko. Joshua Mukusya wa Utooni, upande wa Kola, alianza na majirani wachache mwaka 1978. Kitui shirika la SASOL limejenga na wanavijiji mamia ya mabwawa ya aina hiyo tangu miaka ya 1990. Mawe husombwa na wanakijiji wenyewe, kina mama wakiyapitisha mkono kwa mkono kwa safu, na mwethya mkongwe unaonekana tena, safari hii mtoni.

Maher alihofia miamba, mawe na mchanga. Hivyo vitatu ndivyo vilivyotumika.

Kuna kejeli moja ambayo watu wa Makueni wanaisema kwa uchungu. Nairobi inajengwa kwa mawe ya kuchongwa, na mawe hayo hayashikani bila mchanga, na mchanga bora hutoka mito ya Ukambani. Malori yalikuja usiku. Mto ukichotwa mchanga wake hadi mwamba, visima hukauka na ukingo wa shamba humong'onyoka, yaani ngazi za bibi zinaanza kuliwa kutoka chini. Watu waliuawa katika ugomvi wa mchanga. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kusimamia mchanga, ikiweka masharti juu ya nani achote, wapi na lini. Kwa hiyo kila jumba jipya la mawe linaloinuka jijini huenda limeazima kitu kutoka kwa mkulima ambaye yeye mwenyewe hana jumba la mawe.

Afrika Mashariki haikosi ukuta uliopewa heshima. Thimlich Ohinga, Migori, maboma ya mawe yasiyo na chokaa, baadhi ya kuta zikifika mita 4.5, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Konso, kusini mwa Ethiopia, iliingia mwaka 2011, na kule kinachoheshimiwa ni ngazi za mashamba zenyewe pamoja na vijiji vyake. Engaruka, Tanzania, mashamba ya mawe na mifereji yalihamwa karne kadhaa zilizopita, na wachimbuaji wa mambo ya kale bado wanayapima. Tofauti ni kwamba Engaruka hakuna anayelima zile ngazi za zamani. Mbooni bado wanalima, na huenda ndiyo sababu hakuna anayezikatia tiketi. Kitu kikiwa bado kinafanya kazi, macho huteleza juu yake.

Ngazi hizi zinaweza pia kuwa Engaruka. Vijana wako mjini, na pesa wanazotuma hujenga nyumba nzuri nyumbani: mawe ya kuchongwa yaliyosafirishwa kwa lori kutoka mbali, vigae, lango la chuma. Ni haki yao, na mama aliyepika juu ya mafiga maisha yake yote anastahili sakafu ya vigae. Ila pale msingi ulipochimbwa ngazi mbili zilisawazishwa, mtaro wa juu uliokuwa ukizuia maji ya mlimani ukafukiwa ili gari lipite, na msimu uliofuata maji yalitafuta njia yake ya zamani.

Mwishoni mwa Oktoba, kabla ya nthwa, zile mvua za vuli ambazo Wakamba huzitegemea kuliko za masika, watu hukagua kingo. Mzee hupita chini ya ukuta kwa polepole, akitazama mahali palipovimba. Jiwe limeanguka, limeviringika hadi ngazi ya chini, shambani kwa jirani. Anaita. Jirani anatoka na mtaimbo. Wanaligeuza, wanatafuta upande uliokuwa ukitazama nje, kwa maana upande huo umepigwa jua na una ukoga wa rangi ya kutu, na wanalipandisha.

Mawingu yako Kilungu tayari.